Kurasa Sita za Mwisho za "Mlingoti wa Kaskazini"

Jumamosi, 3 Februari

Mama mdogo,

Shikamoo. Habari za huko, habari za karakana, na kile kidole ulichojikata, kimepona? Sisi huku wazima. Bibi anasema goti lake linaamka kabla yake na kulala baada yake, lakini jana alipanda ngazi za zahanati bila kushika ukuta, akageuka kunitazama kama mtu aliyeshinda mbio. Anakusalimu. Anasema mkasi uliomtumia umeshamkata mara mbili, kwa hiyo ni mkasi mzuri.

Nimeambatanisha mguu wangu. Safari hii nimeuchora vizuri, Bibi alinishika kifundo ili nisitikisike. Mama akikupigia, mwambie asinunue viatu vya namba ya mwaka jana, mguu umekua. Na ukimsomea barua hii kwenye simu, hapa pasome polepole: nimekuwa wa nne darasani.

Sasa jambo lenyewe. Mkutubi wetu amenipa kazi ambayo sikuiomba. Nilikwambia kuhusu kundi la kusoma la Alhamisi, lile la watoto wa miaka kumi na miwili mpaka kumi na minne. Mimi ndiye mkubwa wao kwa mwaka mmoja, na ndiye ninayewasomea. Muhula huu tunasoma hadithi za kisayansi, na Mkutubi anataka nichague mimi. Nikamwambia sijui kuchagua. Akasema, "Hujui kukataa pia, kwa hiyo chagua."

Shida ni kwamba vitabu vingi vya namna hiyo vimeandikwa kwa lugha ya shule, na nusu ya kundi wanaisoma kwa kubabaisha. Itabidi nivitafsiri sura kwa sura kwenye daftari, halafu nisome. Hilo silijali. Nitakuungamia kitu, mama mdogo: ndiyo saa pekee ya wiki ninayosikia sauti yangu. Darasani mwalimu akiniita jina, sauti inagoma. Lakini nikishika daftari sauti inatoka yenyewe, labda kwa sababu maneno si yangu. Wameniita Redio. Nikiwashwa nasema, nikizimwa hakuna kitu. Hawasemi kwa ubaya.

Wewe unayeshinda na vitabu vilivyovunjika mgongo, nitafutie vinne au vitano. Masharti ya kundi ni haya. Mtoto mmoja tunayemwita Mbishi, wa fundi cherehani, hataki kitabu ambacho profesa anaeleza mtambo kurasa thelathini ("roketi inapata kutu yeye bado anaongea"). Mapacha wawili wanaokalia kiti kimoja hawataki mbwa afe. Mimi sharti langu sikulisema mbele yao. Nataka kitabu ambacho mtoto hadanganywi kwamba mambo yatakuwa sawa.

Mwanao,
Redio

Jumanne, 20 Februari

Mwanangu Redio,

Marahaba. Jina hilo nimelipenda, nimelitangaza karakana nzima. Kidole kimepona, ila kucha imeota upande kama jino la mamba. Mpe Bibi pole ya goti, na mwambie mkasi ule si wa kukatia mboga, ni wa kukatia kitambaa cha jalada. Najua atakatia mboga.

Huku kazi imejaa. Maktaba kuu imetuletea masanduku tisa ya vitabu vilivyonyeshewa baada ya paa kuvuja. Nashinda nikitenganisha kurasa moja moja kwa kisu cha mfupa, natundika kwenye kamba kama nguo za mtoto mchanga. Unakumbuka ulivyokuwa ukija likizo nakukalisha juu ya meza ya kukatia, unanusa gundi mpaka unapiga chafya? Ile nafasi yako bado ipo, hakuna anayeikalia.

Mama yako alipiga simu hapa karakana Jumatano, akanisomea maneno nikaandika kama kawaida. Nimeyaweka kwenye bahasha ndogo ndani ya hii. Mguu nimeupeleka dukani, maana yeye alituma maelezo nikununulie huku huku. Viatu vimo chini ya kifurushi, umevifumbia macho kwa sababu ya vitabu, nakujua.

Vitabu ni vitano. Vinne ni vizima. Cha tano, "Mlingoti wa Kaskazini", ndicho kizuri kuliko vyote, lakini kurasa sita za mwisho ziliharibiwa na maji zikawa uji. Usijali. Maktaba kuu wana nakala nyingine ya kusomea ndani, nitakwenda kuzinakili na kuzitafsiri kabisa, nikutumie. Wewe anza tu.

Mama mdogo wako

(Katika bahasha ndogo)

Mwanangu mpenzi, nimefurahi kusikia umekuwa wa nne. Huku kazini kambi imehamia mbali zaidi, posta haifiki, ndiyo maana maneno yangu yanapitia kwa mama mdogo. Vaa viatu hivi vizuri. Nitakuja kabla havijakubana. Msaidie Bibi. Mama.

Jumapili, 11 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo. Bibi amekatia mboga.

Mengine ni mazima. Maji yalikatika siku nne yakarudi yakiwa mekundu, tukasubiri yatulie. Viatu vimenitosha, vina nafasi ya kidole kimoja mbele. Nilimsomea Bibi maneno ya mama. Nilipofika kwenye "nitakuja" alikumbuka sufuria, akaenda jikoni. Kila mara anakumbuka sufuria.

Sasa nikueleze tulivyochagua. Mkutubi ana utaratibu wake. Kila kitabu tunakivalisha gazeti kuukuu, hakuna anayeona jalada wala jina la mwandishi. Nasoma kurasa kumi za mwanzo nilizotafsiri, halafu vinapangwa vikombe vya bati nyuma ya kabati, kila mtu anakwenda peke yake na kizibo kimoja cha soda na kukitia anapotaka. Mkutubi anasema mtu akipiga kura huku anatazamwa, anapiga kura ya rafiki yake.

Cha kwanza kilikuwa na profesa. Mbishi aliweka kichwa mezani akaanza kukoroma, na hakuna aliyemlaumu. Cha pili kilikuwa na mbwa kwenye chombo cha anga. Mapacha waliuliza kwa pamoja, "Anakufa?" Nilikuwa nimeshasoma mbele. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kukawa jibu, kizibo hata kimoja hakikuingia. Cha tatu na cha nne vilipata vizibo viwili viwili.

"Mlingoti" ulipata saba. Mbishi alisema, "Mimi nimekipa, lakini naangalia mwisho. Mwisho ukiwa wa kijinga nataka kizibo changu."

Kwa kuwa wewe ulikisoma unajua, lakini nataka kukisimulia kwa sababu siachi kukifikiria. Mji umejengwa chini ya kioo kwenye mwezi usio na hewa. Mama wa msichana ni fundi wa mawimbi ya redio. Anatumwa kutengeneza mlingoti wa kaskazini, mwendo wa siku arobaini, na msichana anabaki na kipokezi cha sauti mezani. Kila juma mama anazungumza kupitia kipokezi. Anasema kazi imeongezeka. Anasema vumbi ni zito. Mwaka wa kwanza, wa pili. Msichana anamjibu, lakini mama hajibu alichoulizwa, anajibu kando kidogo. Kitabu chako kimeishia pale anapochukua bisibisi kufungua kipokezi atazame ndani.

Mama mdogo, ndani kuna nini? Nitumie upesi. Nimewaambia Alhamisi ya kwanza ya Aprili nitamaliza.

Na ombi moja. Mama akipiga simu tena, mwambie siku moja apige posta ya huku badala ya kukupigia wewe. Karani ni baba wa mapacha, atanipa dakika tano. Sitasema mengi, wewe unanijua. Nataka kusikia anavyopumua tu.

Mwanao,
Redio

Jumatatu, 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Samahani nimechelewa. Nilikuwa na homa, halafu masanduku, halafu msaidizi wetu wa kushona kurasa ameacha kazi akaenda kuuza simenti. Mpe Bibi salamu na hizi dawa za kuchua.

Kuhusu simu, nitamwambia. Kambi walipo kuna simu moja na foleni, na saa zenyewe si za kutegemea. Tutaona.

Mwisho wa kitabu huu hapa, nimeuandika kwa mkono, kurasa nane kwa mwandiko wangu mkubwa. Nimeutafsiri moja kwa moja nikikupunguzia kazi. Usiubadilishe, usome kama ulivyo.

Soma kwa bidii. Kula.

Mama mdogo wako

Jumatatu, 30 Aprili

Mama mdogo,

Shikamoo sana, shikamoo mara mbili! Bibi mzima, dawa zinanuka nyumba nzima na goti limenyamaza.

Nimesoma mwisho! Ulichelewa, kwa hiyo tuliahirisha Alhamisi mbili, na Mbishi alinifuata mpaka kwenye bomba la maji: "Redio, betri zimeisha?" Lakini ilifaa kungoja. Nilipofika pale msichana anafungua kipokezi, anakuta waya mmoja tu umekatika, anauunga, na sauti inatoka ikiwa wazi kabisa, "Fungua mlango, niko nje," hakuna mtu aliyetikisa kiti. Halafu mama anaingia na vumbi lote lile, anavua kofia ya hewa, anasema, "Umeona? Nimekuja kabla viatu havijakubana."

Hapo nilikwama. Sauti ilizima kabisa, mbele ya wote kumi na mmoja. Mkutubi alinipa maji. Ni maneno ya mama, mama mdogo! Nilidhani ni yeye peke yake duniani anayesema hivyo. Labda mama alikisoma kitabu hiki zamani, akayachukua humo? Muulize. Nimefurahi mpaka nimeona aibu.

Mapacha walilia. Mbishi alisema mwisho ni mtamu mno kwa ladha yake lakini hataki kizibo chake. Na baadaye, alipokuwa akirudisha viti, akaniambia kwa sauti ya chini, "Umesoma vizuri." Mbishi! Kichwa chini, kama anaungama wizi.

Mkutubi anataka nichague na vya muhula ujao. Sikusema sijui.

Mwanao,
Redio

Jumatatu, 14 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama. Nimefurahi kundi limependa.

Mama yako hajapiga simu mwezi huu. Akipiga nitamuuliza.

Vitabu vya muhula ujao nitakutafutia. Mpe Bibi salamu.

Mama mdogo wako

Jumamosi, 9 Juni

Mama mdogo,

Sitauliza habari za huko.

Nakueleza kilichotokea Alhamisi. Mbishi ana kaka anayesoma chuo. Kaka amekuja likizo, na kwenye maktaba ya chuo chao walikuwa na "Mlingoti wa Kaskazini". Mbishi alimwagiza akiazime kwa sababu alitaka kukiona kikiwa na jalada lake. Ndivyo alivyosema, na namwamini. Hakuja kunitafutia kosa. Alikuja nacho kifuani, kimefungwa kwenye shati, ili aniazime.

Lakini kaka alikuwa ameshamsomea mwisho.

Alisimama. Huwa anasema akiwa amejilaza, siku ile alisimama. Akasema, "Redio, mama haji." Nikasema, "Mama gani?" Akasema, "Wa kwenye kitabu. Haji. Msichana anafungua kipokezi, ndani hakuna waya uliokatika. Kuna mashine. Wazee wa mji waliiweka iongee kama mama yake, kwa sababu mama alikufa siku ya kumi na mbili na hakuna aliyetaka kumwambia. Umetudanganya. Sisi si watoto wa chekechea."

Nilimwambia sikudanganya. Sauti haikutoka, midomo tu. Pacha mmoja akaniuliza, "Uliona tutalia?" Huyu aliyelia zaidi. Nikakichukua kitabu cha chuo, nikafungua mwisho, nikasoma mstari kwa mstari, wote wananitazama, na kila nilichosoma kilikuwa kama alivyosema Mbishi. Mkutubi alisema, "Pengine ulitafsiri kwa kujipendelea kidogo, si dhambi." Alitaka kunisaidia. Nilitoka. Daftari langu nimeliacha juu ya meza.

Nyumbani nilichukua nakala uliyonitumia wewe. Mama mdogo, ulinifundisha mwenyewe nikiwa na miaka saba, nimekaa juu ya meza yako ya kukatia. Karatasi iliyooza kwa maji hubaki na ndevu kwenye mshono. Iliyokatwa kwa kisu hubaki na kisiki kilichonyooka. Nimepitisha ukucha. Visiki ni vitatu, karatasi tatu, kurasa sita, vimenyooka kama rula. Na kurasa zinazotangulia hazina hata doa la maji.

Hukunakili kitu. Ulitunga.

Basi nikakaa nikajiuliza, kama ulitunga mwisho, "kabla viatu havijakubana" uliitoa wapi? Nilitoa bahasha ndogo zote kwenye kopo. Ziko kumi na tisa. Nilikuwa najua mwandiko ni wako, uliniambia tangu mwanzo, yeye anasema kwenye simu wewe unaandika. Sikuwahi kuuliza zaidi. Lakini nimezisoma kwa mkupuo mmoja. Sita za kwanza mama anauliza vitu. Kama yule mbuzi wa jirani amezaa. Kama bado naogopa kinyozi. Kuanzia ya saba hakuna swali. Hajibu nilichouliza, anajibu kando kidogo.

Nilikwenda jikoni nikamuuliza Bibi. Alikuwa anachambua mchele. Nikasema, "Bibi, mama anapiga simu kweli?" Aliendelea kuchambua mpaka akamaliza ungo mzima. Halafu akasema, "Mimi niliambiwa ninyamaze, nikanyamaza. Muulize aliyeniambia."

Nakuuliza.

Jumamosi, 7 Julai

Mama mdogo,

Wiki nne. Basi la vifurushi linafika Jumanne na Ijumaa, nimekwenda siku zote nane. Karani ameanza kutikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Mkutubi alileta daftari langu nyumbani. Bibi alilipokea. Sijakwenda Alhamisi hata moja.

Jumapili, 22 Julai

Mwanangu,

Nimeandika barua hii mara tano. Nne nimezitia kwenye pipa la vipande vya karatasi, zitasagwa zitengeneze maboksi. Hii naituma hata ikiwa mbaya.

Mama yako alikuwa akipiga simu kweli. Mwaka wa kwanza na nusu alipiga kila baada ya miezi mitatu, nikaandika alichosema, neno kwa neno. Zile sita ni zake. Yale ya viatu aliyasema yeye, kwenye simu ya kwanza. Alikuwa analia.

Simu ya mwisho ilikuwa Oktoba, mwaka juzi. Hayupo kambini. Aliniambia ameolewa, ana mtoto mchanga, na mumewe hajui kwamba kuna wewe. Aliniambia harudi. Akasema, "Mwambie polepole." Nikamwambia siwezi, aseme mwenyewe. Simu ikakatika, au aliikata, mpaka leo sijui. Namba aliyokuwa akipigia nimeijaribu, wanasema ni duka, hawamjui.

Nikasema nitakwambia ukimaliza mitihani. Ulipomaliza, nikasema nitakwambia ana kwa ana. Nilipokuja Desemba ulinipokea kituoni na ile bahasha ya saba mfukoni, imekunjika kwa kusomwa, nikashindwa. Polepole yangu imekwisha kuwa karibu miaka miwili. Viatu ni mimi. Bahasha kumi na tatu ni mimi. Bibi nilimwapisha mimi.

Sasa nikuambie kibaya kuliko vyote, maana nimeshafika hapa. Kitabu kile kilipotoka sandukuni nilikisoma mchana mmoja, sikula. Nilikipenda, nikajua kinafaa masharti yako. Nilipofika kwenye ile mashine nikakifunga kitabu, nikakifungua tena. Ningeweza kukiacha kabatini, vitabu viko vingi. Lakini ulitaka kizuri, na mimi nilitaka uniambie nimekuchagulia kizuri. Nikakata. Usidhani nilikuwa nakukinga wewe. Niliogopa utaniona mle ndani.

Sikufikiri kuhusu kundi. Sikufikiri kwamba ni wewe utakayesimama mbele yao kusoma uongo wangu kwa sauti yako. Hilo ndilo linaloniamsha.

Nimezituma kurasa zenyewe, sikuzitupa. Mtu wa kazi yangu hatupi karatasi. Na kile kipande cha karatasi ya kijani ni nilichoandika siku ya simu ya mwisho, alivyokuwa akisema, kabla sijajua nitakifanyia nini. Sijabadilisha kitu. Unaweza kukisoma au usikisome.

Nimemwandikia na Mkutubi wenu barua, nimemweleza ni nani aliyekata. Kama hutaki, ichane kabla hujampa. Imo humu, haijafungwa.

Nichoree mguu. Au usinichoree. Mimi sijui tena naruhusiwa kuomba nini.

Mama mdogo wako

Jumapili, 19 Agosti

Mama mdogo,

Shikamoo. Bibi mzima, goti limerudi. Amenituma niseme anakusalimu, nami nimesema.

Barua ya Mkutubi sikuichana. Sikumpa pia. Nilikwenda Alhamisi iliyopita na kurasa sita mkononi. Walikuwa wanasoma kitabu kingine, Mbishi ndiye anayesoma, anasoma vibaya, anaruka nukta. Alinyamaza aliponiona. Nikasimama mlangoni nikasema, "Mwisho niliowasomea uliandikwa na mama mdogo wangu. Mimi sikujua. Hizi ndizo kurasa zenyewe, alizikata." Sikuwa na daftari, mama mdogo. Hayo maneno yalikuwa yangu na yalitoka. Yalitoka mabaya, yanatetemeka, lakini yalitoka.

Mbishi akauliza, "Kwa nini alikata?"

Nikasema, "Uliza swali lingine."

Akasema, "Kiti chako kile pale."

Nikazisoma kurasa sita, nikitafsiri papo hapo. Hakuna aliyelia. Msichana anaizima mashine, halafu anakwenda kwa wazee mmoja mmoja, anawauliza siku ipi, saa ngapi, na nani alijua. Kila mmoja anataja mwingine. Halafu anaomba apewe kofia ya hewa akaone mlingoti. Kitabu kinaishia anapofunga mkanda wa kofia. Mwandishi hasemi kama aliwasamehe. Pacha mmoja aliuliza, mwenzake akamwambia, "Si imeandikwa hapo? Haijaandikwa."

Tuna utaratibu mpya, nimeuweka mimi. Kabla kitabu hakijavalishwa gazeti, tunahesabu kurasa kwa sauti, wawili wanahesabu, mmoja anaandika. Vitabu unavyotuma tutavipokea. Hata vyako tutahesabu. Vyako kwanza.

Kipande cha kijani nimekisoma. Mara moja tu. Ameuliza kama nimeacha kuogopa kinyozi. Kumbe hata siku ile aliuliza, nawe hukuniambia. Hilo ndilo linalonichoma, kuliko kuolewa kwake. Nilikuwa na jibu. Nimekuwa nalo miaka miwili.

Mguu sitauchora. Siyo kwa hasira, au labda kwa hasira, sijui bado. Bibi amesema tutakwenda dukani wenyewe na mguu wangu, nijaribu, nitembee.

Na kwa kuwa wewe umesema chako kibaya kuliko vyote, nami nina changu. Vile viatu vya Februari vilianza kunibana mwezi wa tano. Sikumwambia Bibi, sikukuandikia. Nilikuwa nakunja vidole.

Mtoto wa dada yako